Trekta dogo la bustani lililolala: injini si tatizo, angalia gia

Ndugu, umeuliza kama ulichukue hilo trekta la mtumba lililokaa miaka 2 bila kuwashwa. Injini kugoma hakunitishi. Petroli iliyochacha huacha utando kama gundi ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa; ifungue, zibua vile vitundu vyembamba, weka plagi mpya na petroli mpya, mara nyingi linaitika.

Mimi naogopa gia, hasa zile za haidroliki, zinazozungusha magurudumu kwa msukumo wa oili. Likishawaka, na kabla hujatoa hela, liendeshe dakika 20 lipate moto, kisha lipandishe kilima. Langu la kwanza lilipanda vizuri likiwa baridi; lilipochemka likasimama katikati ya mwinuko, injini inanguruma tu. Kutengeneza gia hizo kunaweza kuzidi bei ya trekta lenyewe.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, kabureta inavujisha: mwaga oili yote uweke mpya kwanza. Oili ikiwa kama maziwa, maji yameingia. Halafu inama uchokoe kwa bisibisi bati linalofunika visu vya kukatia nyasi. Kutu ya juujuu si neno, ila bisibisi ikizama, teremsha bei.