Kunguru wa mjini hanaswi akikutazama

Kila anayefuga kuku pwani analijua hili: ukiinama tu kama unaokota jiwe, kunguru ameshapaa. Ukitoka na fimbo anakaa mbali, ukitoka na sufuria ya makoko ya ugali tayari yuko juu ya paa anakungoja. Ndege huyu anasoma mikono ya watu, ndiyo maana mbinu nyingi za kumwinda hufaa siku mbili tatu, kisha zinakwama. Anayetaka kumpunguza kweli ashike jambo moja, na mengine yote yatatoka humo: kunguru aliye huru asione mwenzake anavyotolewa mtegoni, wala asimjue anayemtoa.

Kwanza tujue tunamtega nani. Ni kunguru wa Bara Hindi, yule mwenye shingo na kifua cha kijivu, ambaye Mombasa wengi humwita kurabu. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947, na leo ametapakaa Dar es Salaam, Tanga, Malindi na Watamu, tena anafuata barabara kuingia bara. Anabeba vifaranga mchana kweupe, anararua viota vya ndege wadogo kama kwera na chozi, anakula mayai na makinda. Kunguru wetu wa asili ni mwingine kabisa: ni mkubwa zaidi, kifua na ukosi wake ni weupe, na huyo kurabu amemsukuma nje ya miji mingi ya pwani. Huyo mweupe akiingia mtegoni aachiwe huru. Si wa kuhesabiwa kwenye mavuno.

Kabla ya kupiga msumari wa kwanza, nenda ofisi ya wanyamapori ya eneo lako upate kibali. Kenya ni KWS, shirika la serikali la huduma kwa wanyamapori, ambao mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuondoa kunguru hawa milioni 1. Tanzania Bara anza na afisa wanyamapori wa wilaya. Unguja na Pemba anza na idara ya misitu. Kibali kinakulinda wewe, na pia kinawafanya majirani wasiuvunje mtego wakidhani unafuga uchawi.

Sasa kuhusu akili yake, maana hapa ndipo watu wengi wanapodharau. Mwaka 2006, Seattle huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington wakiongozwa na John Marzluff waliwanasa kunguru 7 wakiwa wamevaa kinyago cha mtu wa kale, kisha wakawaachia. Tangu hapo aliyepita pale na kinyago kile alipigiwa kelele, na aliyevaa kinyago kingine aliachwa apite. Miaka ilivyokwenda, waliopiga kelele waliongezeka badala ya kupungua, wakiwemo ambao hawakunaswa hata siku moja. Walijifunza kwa wenzao na kwa wazazi wao. Yule ni kunguru wa Marekani, lakini yeyote aliyetega kurabu kwa mwezi mmoja ataitambua tabia hiyo hiyo.

Binamu yake mkubwa, kunguru mweusi wa nchi za kaskazini, ana jingine la ajabu. Akificha chakula huku mwenzake anamwona, hukificha haraka na harudi kukigusagusa asije akaonyesha kilipo. Mwaka 2016 kundi la mtafiti Thomas Bugnyar wa Chuo Kikuu cha Vienna, Austria, lilionyesha kwamba hufanya hivyo hata pasipo mwenzake kuonekana, mradi tundu dogo la kuchungulia ukutani liko wazi na sauti ya kunguru mwingine inasikika upande wa pili. Yaani anatambua kwamba anaweza kuwa anatazamwa. Ndege wa ukoo huu hufikiri juu ya macho ya wengine. Basi na wewe ukitega fikiri juu ya macho yao.

Kizimba chenyewe

Mtego unaofaa ni banda la waya lenye mlango wa ngazi juu ya paa. Urefu mita 3, upana mita 2, kimo mita 2. Fremu iwe ya mbao za inchi 2 kwa 2, na waya uwe wa matundu ya sentimita 2.5. Matundu makubwa yanaingiza panya, tena yanamruhusu kunguru kutoa kichwa na kujikwangua. Chimbia waya sentimita 30 ardhini pande zote, la sivyo nguchiro na paka watachimba usiku wawale ndege uliowaacha ndani. Weka mlango wa mtu kupita ubavuni, wenye bawaba na komeo la nje.

Paa ndilo lenye kazi. Lisiwe bapa. Lishuke kutoka pande mbili ndefu kuelekea katikati, kama herufi V, mpaka sentimita 60 chini ya kingo. Pale chini kabisa laza ngazi ya mbao kwa urefu wote wa banda. Nafasi kati ya kipago na kipago iwe sentimita 15 hivi, na upana wa ngazi sentimita 20. Kunguru anatua kwenye ngazi, anaona chakula chini, anakunja mabawa na kujidondosha. Kutoka ni shida: akiruka lazima afungue mabawa, na mabawa yaliyofunguka yana zaidi ya sentimita 70, hayapiti. Ananing'inia kidogo, anagonga, anarudi chini.

Makosa mawili ya ujenzi huharibu kila kitu. La kwanza ni kuweka kijiti cha kutulia chini ya ngazi au karibu nayo. Kunguru akipata pa kusimama hapo, anaruka hatua moja ya miguu tu, anashika kipago na kutoka. Vijiti viwe kwenye ncha mbili za banda, kimo cha mita 1 na si zaidi. La pili ni kuacha kingo za ngazi bila waya wa kuning'inia. Funga vipande vya waya mgumu vya sentimita 30 vikielekea chini kandokando ya ngazi, kila baada ya sentimita 10, ili anayejaribu kupanda kwa kucha kutoka ubavuni akutane navyo. Ngazi pana kupita kiasi nayo ni hasara: waingiao ni wengi, na watokao ni wengi pia.

Pa kuuweka na namna ya kuuzoesha

Uweke karibu na mahali ambapo kunguru wanakula tayari: nyuma ya machinjio, kando ya soko la samaki, karibu na jalala au jiko la hoteli. Usiuweke karibu na mti wanaolala, kwa sababu wakilala pale wataona kila unachofanya jioni. Uwe na nafasi wazi juu ili wauone kutoka hewani, na watu wasipitepite. Kivuli kifunike robo moja ya banda.

Siku 5 hadi 7 za mwanzo usikamate kunguru yeyote. Acha mlango wa ubavuni wazi kabisa, na mimina chakula ndani na nje saa ile ile kila asubuhi, mara tu kunapopambazuka. Utumbo wa samaki, mapupu, mifupa yenye nyama na makoko ya ugali vyote vinafaa. Mkate mkavu hauvutii pale penye samaki. Siku ya 3 punguza cha nje, siku ya 5 acha cha ndani peke yake. Ukiona wanaingia kwa miguu na kutoka bila kuhangaika, funga mlango wa ubavuni na uwaachie ngazi.

Kinacholisha mtego au kuuua ni taka za jirani. Jalala likiwa wazi mita 50 kutoka hapo, kunguru hana sababu ya kujitosa kizimbani. Funika mapipa, zika utumbo, ongea na wenye mabucha, kisha tega. Kazi hii inachosha kuliko kujenga banda, lakini ndiyo inayoleta tofauti.

Wa kwanza kunaswa mara nyingi ni ndege wachanga wa mwaka ule. Usiwatoe wote. Bakiza 4 au 5 wazima wenye manyoya mazuri, wawe wa kuwaita wenzao. Kunguru anayeona wenzake wanakula kwa utulivu hushuka. Anayeona mmoja amejikunyata pembeni, mgonjwa na mwenye kiu, hupiga kelele na kuondoka na kundi zima. Kwa hiyo hawa waliobakizwa kuita wenzao wapate maji safi kila siku, chakula cha kutosha, kivuli na kijiti kila mmoja. Badilisha anayedhoofika. Hata pasingekuwa na faida, kiumbe unayemfungia ni juu yako kumtunza.

Kuwatoa

Hapa ndipo mitego mingi hufa. Mtu anaona kunguru 20 ndani saa 4 asubuhi, anafurahi, anaingia na gunia. Wale wa ndani wanapiga ukelele wa hatari, mamia wanakusanyika juu ya minazi, wanamtazama mtu, wanatazama banda. Wiki nzima baada ya hapo hakuna anayetua. Kosa kama hilo likirudiwa mara mbili, hamisha mtego, maana pale pameshaandikwa.

Watoe usiku, angalau saa moja baada ya giza kuingia, wakati walio huru wameshakwenda kulala. Tumia tochi yenye mwanga mdogo, kwani kunguru gizani hutulia. Vaa glavu nene, mikono mirefu na miwani ya kukinga macho. Mshike kwa kuyabana mabawa mwilini, mtie kwenye gunia la kitambaa linalopitisha hewa, wasizidi 10 kwa gunia. Kuua kufanyike mbali na banda, mmoja mmoja, kwa kuvunja shingo mara moja kwa mvuto wa haraka, na afanye mtu aliyefundishwa na afisa mifugo. Kuwazamisha majini au kuwaacha wafe kwa jua ni ukatili, na hakuna kibali kinachouruhusu. Mizoga izikwe siku ile ile kwenye shimo la mita 1. Usiku huo huo okota manyoya yote, fagia sakafu, na uoshe damu kama ipo.

Gawa kazi kwa watu wawili. Anayelisha asubuhi asiwe yule anayetoa usiku, na anayetoa avae ovaroli na kofia ambayo haivaliwi mchana.

Manati na bunduki ni kinyume cha haya yote. Jiwe linaangusha mmoja na kuwafundisha walio karibu wote umbali wa mkono wako. Sumu za shambani ni mbaya zaidi: zinaua mwewe, paka, mbwa na kuku wa jirani, na mtoto anaweza kuokota chambo. Ipo dawa maalumu ya kunguru inayoua polepole, baada ya ndege kuondoka pale alipokula, na ndiyo maana wenzake hawaihusishi na chakula. Lakini hiyo ni ya wataalamu wenye leseni peke yao. Atakayekuuzia dukani kitu cha namna hiyo bila kibali, usikinunue.

Ukitega vizuri, idadi hushuka, kisha hubaki wachache wazee ambao hawaingii kwa chambo chochote. Hao usihangaike nao mtegoni, wafuate kwenye viota. Wanajenga kwa vijiti na vipande vya waya juu ya miembe, mikungu na minara ya simu, na hutaga mayai 3 hadi 5 ya rangi ya samawati-kijani yenye madoa. Mayai huatamiwa siku 16 au 17, na makinda huruka baada ya wiki 3 hadi 4. Ukipita kila baada ya wiki 4 hakuna kizazi kitakachokuponyoka. Kiota kitupu kiache, maana ukikiangusha watajenga kingine upesi. Ngoja mayai yawemo, kisha toa mayai na kiota pamoja, wakati wa machweo, ukitumia ufito mrefu wenye kulabu. Apandaye avae helmeti: wazazi hushambulia kichwa kutoka nyuma. Mtego wenyewe ubaki umesimama mlango wazi, bila chambo, na urudishe kulisha wakati makinda ya mitaa ya jirani yanapoanza kutembea makundi makundi.