Homa ikikupata Ulaya, taja ulikotoka

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, aliniandikia: "Dada, tunaenda Italia mwezi wa nane. Bima ya viza tumeshalipia. Tukiugua huko si inatosha?" Nilitaka kumjibu kwa sentensi mbili nikashindwa. Jibu nimelileta hapa, maana najua wengi wenu safari mmeshazipanga, na hata nguo za kupigia picha mmeshazichagua.

Bima ile inatosha kupata viza. Masharti ya Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, yanataka iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani. Ni hela nyingi. Ila bima haitakusemea mbele ya daktari. Utasema mwenyewe, tena ukiwa unatetemeka.

Mimi nilikwenda Hamburg kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa huko. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa Masasi kwenye harusi ya binamu. Sisi tulikula pilau, mbu nao wakatula sisi. Nikapanda ndege mzima kabisa, nikazunguka bandarini na boti, nikala samaki wao wa kwenye mkate. Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, kwa hiyo nilijihesabu nimekwenda kwa ndugu.

Halafu homa ikaja. Mtu aliyekulia kusini haelezwi malaria ni nini. Baridi inaanzia mgongoni, meno yanagongana, joto linafuata, kisha jasho, na viungo vinauma kama umetwangwa kinuni. Shemeji akasema ni mafua tu, kazini kwao kila mtu anakohoa. Tukaenda kliniki ya jirani.

Mapokezi walianza na bima kabla ya kuuliza naumwa nini. Daktari alikuwa kijana, mpole, Kiingereza chake kizuri. Akanitazama koo, akasikiliza kifua, akasema ni virusi, nikapumzike, ninywe maji na paracetamol. Nikamwambia nimetoka Tanzania, nimelala eneo lenye malaria, naomba damu yangu ipimwe leo. Akatabasamu. Tabasamu lile bado linanikera, lilikuwa la mtu anayembembeleza mtoto. Akasema pale hawapimi malaria na dalili zangu ni za mafua.

Nikamwambia, sawa daktari, basi andika kwenye karatasi yangu kwamba mgonjwa ameomba kipimo cha malaria na wewe umeona hakihitajiki. Akashika kalamu, akaiweka chini, akapiga simu.

Ndugu zangu, sijasomea udaktari, lakini siku ile nilijipigania, na nasema hivyo bila aibu. Usiku uleule, kwenye hospitali kubwa tuliyopelekwa, darubini ilionyesha vimelea vya falciparum, ile malaria ya hatari zaidi. Kule malaria ya aina hiyo hawakupi dawa ukaondoka, wanakulaza. Dawa yenyewe ilikuwa mseto uleule tunaonunua nyumbani kwa shilingi elfu chache. Nilicheka peke yangu kitandani.

Wala si kwamba Wajerumani hawaijui malaria. Hamburg hiyohiyo ina Taasisi ya Bernhard Nocht, iliyoanzishwa mwaka 1900 kwa ajili ya magonjwa ya mabaharia na ya nchi za joto. Ujuzi upo mjini, lakini daktari wa mtaani anaona mafua tangu asubuhi, na usipomwambia ulikotoka atakuhesabu kwenye foleni ileile. Vimelea navyo havionekani siku ya kuumwa na mbu. Vinapitia kwanza kwenye ini, na dalili huchukua angalau siku 7, mara nyingi siku 10 hadi 15. Kwa hiyo unaweza kupita uwanja wa ndege unacheka, kumbe umebeba. Na falciparum isiyotibiwa inaweza kugeuka malaria kali ndani ya saa 24. Kwa mtoto usisubiri hata asubuhi.

Kuna watakaosema, "Dada, Mungu atatulinda." Atulinde, amina. Lakini akili naye ndiye aliyetupa, tuitumie. Andika kwenye karatasi maeneo uliyolala mwezi uliopita na majina halisi ya dawa unazotumia, maana jina la kwenye boksi la Kariakoo huenda kule halijulikani. Usitegemee kununua amoksilini dirishani kama kwetu. Bila cheti cha daktari hupewi, na Ujerumani hata paracetamol haiuzwi supamaketi, unaifuata duka la dawa lenye herufi A nyekundu. Gari la wagonjwa ni 112, Italia na Ujerumani sawasawa. Wanaokwenda London wajue kwamba England malaria iko kwenye orodha ya magonjwa ambayo mgeni hatozwi matibabu yake, kwa hiyo asikae na homa ndani akiogopa bili.

Na bima, piga namba yao ya dharura kabla hujalazwa. Mdogo wangu alipiga usiku uleule, kampuni ikatuma barua ya dhamana, na hospitali haikunidai chochote. Shida ikaja kwenye ile kliniki ya kwanza. Bili yao ilifika kwa posta nyumbani kwa shemeji nikiwa nimesharudi Dar, shemeji akalipa. Nikapeleka madai, kampuni ikajibu kwamba siku ile sikuwa na dharura, kwa sababu daktari aliandika mafua. Mafua! Nikawapelekea majibu ya damu, wakataka yatafsiriwe kutoka Kijerumani na mtafsiri anayetambulika, nikamlipa mtafsiri kwa hela yangu. Sasa wanasema faili liko kwa meneja. Shemeji hajaniuliza, ila nikipiga simu namsalimia haraka haraka na kuomba nipewe mdogo wangu.