Kutu iliyotengenezwa kwenye Mazda MX-5: kagua kiraka kutoka ndani

Swali: Fundi, salaam. Ninaishi Leeds, na nimepata Mazda MX-5 ya mwaka 2002 ambayo muuzaji anakiri kwamba ilikuwa na kutu lakini anasema imeshatengenezwa. Ana risiti ya gereji inayoonyesha kuwa vizingiti vya chini ya milango vimechomelewa pande zote mbili, pamoja na mhimili mmoja wa mbele (boriti ya chuma inayobeba sehemu ya mbele ya gari), na gari limepita MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari hapa Uingereza, mwezi uliopita. Chini lote limepakwa lami nyeusi, linang'aa. Je, risiti na MOT zinatosha? Kama hazitoshi, nikague nini?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Hazitoshi, na hiyo lami mpya ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko kutu yenyewe. Mkaguzi wa MOT anatazama kinachoonekana na kugongagonga panapohitajika. Haruhusiwi kufungua gari wala kubandua mipako, na anachothibitisha ni kwamba siku ile gari lilitimiza kiwango cha chini. Risiti nayo inathibitisha kwamba fedha zililipwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokueleza fundi alikata bati lililooza mpaka akafika kwenye chuma kizima, au alibandika bati jipya juu ya lililooza.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha swali lako. Kizingiti cha gari hili si bati moja. Ni sanduku lenye tabaka ndani yake, na kwa kuwa gari halina paa la chuma, sanduku hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya ugumu wa bodi. Kwa kawaida linaoza kuanzia ndani. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye paa la turubai hupita katika mirija iliyo nyuma ya milango na kutokea chini, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Mirija ikizibwa na majani na vumbi, maji hufurika, huingia kwenye kizingiti na kukaa humo, huku chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi ikiingia kutoka chini. Sisi tuliokulia pwani tunajua chumvi inavyokula mabati ya nyumba, lakini bati lile angalau hukauka jua likitoka, ilhali ndani ya kizingiti jua halifiki kamwe. Malengelenge ya rangi yanapoonekana mbele ya gurudumu la nyuma, ndani huwa pameshaliwa siku nyingi.

Sasa fikiria fundi anapochomelea kiraka hapo. Moto unaunguza kinga yote ya upande wa ndani, mahali ambapo brashi haiwezi kufika. Asipopuliza nta maalumu ndani ya sanduku baada ya kazi, kiraka chake kinaanza kuoza siku hiyohiyo kutokea nyuma, hata kama nje kimepakwa rangi nzuri kiasi gani. Kwa hiyo swali la kwanza kumwuliza muuzaji si nani aliyechomelea, bali ndani pamekingwa kwa kitu gani, na picha ziko wapi. Gereji inayojiheshimu hupiga picha bati likiwa limekatwa, kiraka kikiwa kimechomelewa kabla ya rangi, na nta ikipulizwa.

Picha zisipokuwapo, itakubidi usome kazi yenyewe. Nenda mchana, gari likiwa kavu, ukiwa na tochi kali, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na ikiwezekana ile kamera nyembamba yenye waya inayounganishwa na simu. Piga magoti kando ya mlango, utazame mshono ulio chini kabisa ya kizingiti, pale mabati yanapokutana na kuning'inia kama pindo la nguo. Katika gari lisiloguswa utaona vishimo vidogo vya mviringo vinavyofuatana kwa nafasi karibu sawa. Hizo ni alama za kuunganishwa kiwandani. Pitisha kidole mpaka mwisho wa nyuma. Vishimo vikitoweka ghafla, pindo likawa nene kuliko sehemu nyingine, au likawa laini kama lililosuguliwa kwa msasa, hapo pana bati juu ya bati, au puti, yaani lile rojo linalokauka na kusuguliwa ili kuficha mashimo. Mimi niliwahi kukata kizingiti cha namna hiyo, cha gari lililoletwa kwangu na mnunuzi aliyekuwa na risiti nzuri tu, nikakuta ndani povu la kuzibia fremu za madirisha, limefyonza maji kama sifongo, na nje milimita kadhaa za puti iliyosawazishwa kwa ustadi. Niliumia kumweleza mwenye gari, kwa sababu alikuwa ameweka akiba muda mrefu.

Sumaku itakusaidia hapo: ipitishe kuanzia mlangoni kwenda nyuma, na inapoacha kushika, puti imekuwa nene. Usishtuke isiposhika kwenye boneti, kwani boneti ya gari hili ni ya aluminiamu tangu kiwandani. Ukiweza kuazima kipimo cha unene wa rangi, rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 100 na 150 hivi. Mara mbili ya hapo ni rangi iliyorudiwa, na ukiona zaidi ya 1,000 ujue unapima puti. Kamera ipitishe katika matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya kizingiti. Unatafuta nta ya rangi ya asali au kahawia iliyotapakaa ndani. Ukiona mshono mkavu wenye kutu ya rangi ya chungwa, jibu umelipata. Na kama matundu yenyewe hayapo kwa kuwa yamefunikwa na kiraka, hilo ni kosa kubwa pia, maana maji hayatakuwa na pa kutokea.

Kagua pia mwachano kati ya mlango na bodi, upande wa nyuma wa mlango. Vizingiti vikikatwa bila bodi kuegemezwa vizuri, gari hulegea katikati na kuchomelewa likiwa limepinda. Mwachano huwa mwembamba juu na mpana chini. Gari likiwa juu ya jeki, fungua na ufunge milango yote miwili. Mlango unaokwama hapo na usiokwama chini unaonyesha kwamba bodi inacheza.

Mihimili ya mbele ndiyo ningeipa muda mrefu zaidi. Katika toleo hili la pili, lililotengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, mihimili hiyo ina tabaka la ziada ndani kwa ajili ya ajali, na unyevu unanaswa kati ya mabati. Huoza kimyakimya upande wa chini, kati ya radieta na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Risiti yako inataja mhimili mmoja tu, na kwangu hilo linazua swali, kwa sababu yote miwili imepita katika chumvi ileile kwa miaka ileile. Lipa gereji isiyohusiana na muuzaji ilinyanyue gari, na uombe ruhusa ya kukwangua lami kidogo katika kila mhimili. Kiraka kizuri kina mshono usiokatika kuzunguka kingo zote. Vidoti vilivyoachana, vilivyofunikwa lami, si ukarabati wa sehemu inayobeba uzito.

Kabla ya safari hiyo, weka namba ya gari kwenye huduma ya bure ya serikali inayoonyesha historia ya MOT. Soma maoni ya miaka ya nyuma, si ya mwaka huu tu. Ukikuta mkaguzi aliandika kutu kwenye mihimili yote miwili, kisha risiti inataja mmoja, mwulize muuzaji ule mwingine ulitengenezwa lini na nani. Akikataa lami isikwanguliwe, liache gari hilo.

Ukiridhika na ukalinunua, mimina lita moja ya maji katika kila mrija ulio nyuma ya mlango na uhakikishe yanatoka chini bila kuchelewa, kisha puliza nta ndani ya vizingiti na mihimili kabla baridi haijaanza, ukiyaacha matundu yote wazi.