Kufuta posti za watu: niliyoyaona nikiwa admini kwa miaka minne

Mleta mada, umeuliza kama mitandao ya kijamii imwache kila mtu aseme atakalo, au ifute maneno mabaya kabla hayajaleta madhara. Nimesoma majibu yote, na wengi wamejipanga upande wa uhuru au upande wa usalama. Mimi nilikuwa admini wa kundi la wanawake wanaozungumza Kiswahili kwenye mtandao mmoja mkubwa, na lililonikera miaka yote minne sijaliona likitajwa: anayeamua haelewi anachokisoma.

Mwenzetu mmoja alikuwa akiandika waziwazi juu ya wanaume wanaopiga wake zao. Siku moja mtu asiyemjua akamwandikia: "Hongera dada kwa kazi nzuri. Mwanao siku hizi anatoka shule saa ngapi?" Hakuna tusi hapo, wala neno baya. Lakini kila aliyesoma mwili ulimsisimka. Tukaripoti wengi kwa pamoja, na jibu likaja lilelile kwa wote: haivunji kanuni.

Wiki ileile mwanachama mwingine akafungiwa siku saba kwa "matamshi ya chuki". Alikuwa amemwandikia rafiki yake: "Shoga yangu, umenivunja mbavu!" Nyote mnajua alimaanisha nini. Mwanamke akimwita mwenzake shoga ni neno la kirafiki. Neno hilohilo akirushiwa mtu barabarani ni silaha. Mtambo wa kompyuta unaokagua posti kwa orodha ya maneno hauwezi kujua tofauti hiyo. Nilimsaidia kukata rufaa, ikakataliwa hata dakika moja haijaisha. Hakuna binadamu aliyeisoma, naamini hivyo kabisa.

Kwa hiyo wanaosema "mitambo itasafisha" siwaelewi. Oktoba 2020 Instagram ilifuta picha za kampeni ya saratani ya matiti kutoka Brazili kwa sababu mtambo uliona chuchu. Bodi ya Usimamizi ya Facebook, chombo huru kinachopitia maamuzi ya kufuta posti, ilipotoa uamuzi Januari 2021, ilisema ilikuwa kosa, na kwamba kuitegemea mashine bila usimamizi mzuri wa binadamu kunagusa uhuru wa kujieleza. Tena hapo lugha ni Kireno, chenye wasemaji zaidi ya milioni 200.

Na wanaosema "iachwe tu", nao wamfikirie yule mwenzetu aliyeulizwa saa za mwanawe kutoka shule. Januari 2025 Mark Zuckerberg, mkuu wa Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, alitangaza kwamba mitambo yake itajikita kwenye makosa mazito, mengine yasubiri mtu aripoti. Sasa aliyeripoti akajibiwa kama tulivyojibiwa sisi aende wapi? Mtu akinyamaza kwa hofu, uhuru wake wa maoni umekwisha hata kama hakuna aliyemfuta.

Sheria kali pekee nazo zina hatari yake. Sheria ya Ujerumani ya 2017 iliipa mitandao saa 24 kuondoa kilicho haramu waziwazi, na faini ingeweza kufika euro milioni 50. Mimi ningekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo ningefuta kila kinachonitia shaka. Kilichonivutia zaidi ni sheria ya Umoja wa Ulaya ya huduma za kidijitali, ya 2022: anayefutiwa lazima aelezwe sababu, na malalamiko yake yasiamuliwe na mashine peke yake. Ndicho ninachokitaka, na kwa lugha yangu.

Niseme na langu. Niliwahi kufuta swali la mama mmoja kuhusu chanjo ya mtoto, nikidhani anaeneza uvumi. Sikumwandikia chochote. Akanifuata inboksi: "Dada admini, nimekosa nini?" Nikarudia kuisoma posti yake, alikuwa anauliza kweli, kwa wasiwasi wa mzazi. Nilimwomba radhi na kuirudisha. Tangu siku hiyo hatukufuta kitu bila kumwandikia mwenyewe sababu, na akilalamika, admini mwingine ndiye aliyeamua. Ilikuwa kazi ngumu kwa watu wanne tusiolipwa, lakini tuliifanya. Kampuni zenye mabilioni hazina udhuru.

Yule mwenzetu aliyeulizwa saa za shule alifuta posti zake zote mwenyewe, usiku mmoja, kisha akajitoa kwenye kundi. Hajarudi.