Kabla hujauza nyumba kwa ajili ya uhamisho

Wadogo zangu mlioingia kazi za serikali kuu huku Marekani, serikali ikikuhamisha kituo inaweza kukurudishia gharama za kuuza nyumba na kununua nyingine, ila kwa masharti. Nianze na lililonigharimu mimi: majina yaliyo kwenye hati ya nyumba.

Nilipohamishwa kutoka Minneapolis kwenda Baltimore, nyumba niliyokaa tulikuwa tumeinunua mimi na kaka yangu nusu kwa nusu, kama wengi wetu tuliofika huku mikono mitupu. Tuliiuza dola 300,000. Kamisheni ya madalali peke yake ilikula 18,000. Nikapeleka madai ya gharama zote, nikarudishiwa nusu. Wanangu wanamwita kaka yangu baba mkubwa. Kanuni inamwona ni mtu mwingine mwenye hisa zake. Familia inayohesabiwa ni mke au mume, watoto, wazazi wanaokutegemea na wachache wa aina hiyo. Kaka mwenye mshahara wake hayumo. Wala usidhani utairekebisha hati barua ya uhamisho ikishafika: wanaangalia nyumba ilikuwa ya nani, na ulikuwa ukilala humo, siku ulipoarifiwa rasmi.

Siku hiyo ya kuarifiwa ishikeni sana. Mwenzangu mmoja alisikia fununu za uhamisho, akaita dalali wiki ileile. Barua ilikuja baadaye, na ikabidi ahangaike kuthibitisha kwamba ofisi ilikuwa imeshaamua kumhamisha. Subiri karatasi yenye sahihi. Neno la bosi kwenye korido halitoshi, hata la afisa wa fedha mwenye nia njema: ukiambiwa vibaya na mtu wa serikali, serikali hailazimiki kulipa kinyume cha kanuni. Bodi ya CBCA, inayosikiliza madai haya, imelirudia hilo mara nyingi. Kwa hiyo someni wenyewe Kanuni za Safari za serikali, sura ya 302, sehemu ya 11. Ni kavu, lakini inasomeka.

Ambaye ndiyo kwanza anaajiriwa asihesabu fedha hizi kabisa. Ni za anayehamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, aliyesaini kubaki serikalini miezi 12. Ukiondoka kabla kwa hiari yako, unazirudisha.

Viwango: gharama za kuuza hulipwa hadi asilimia 10 ya bei uliyouzia, za kununua hadi asilimia 5 ya bei uliyonunulia. Lakini usione kiwango ukakijaza. Hulipwa tu zile ambazo kwa desturi ya mji huo muuzaji au mnunuzi huzibeba. Ada ya kuandaa mkopo kwa kawaida hadi asilimia 1 ya mkopo. Riba, kodi ya nyumba, bima ya moto, au hasara ya kuuza kwa bei ya chini kuliko uliyonunulia, hayo ni yako. Mke wangu alipaka rangi sebule ili nyumba ipendeze kwa wanunuzi; ile rangi nayo ilikuwa yetu.

Una mwaka mmoja tangu uripoti kituo kipya kumaliza kuuza na kununua. Soko likilala unaweza kuongezewa hadi mwaka mwingine, ila omba kwa maandishi na ueleze sababu.

Halafu kodi, jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Fedha hizi zinahesabiwa kama kipato chako. Ofisi inaweza kukulipia makato ya kodi hapo hapo, lakini mwaka unaofuata lazima upeleke madai ya pili ya kusawazisha hesabu, yale wanayoyaita RITA. Mimi nilidhani shughuli imekwisha, nikatulia na nyumba yangu mpya. Barua iliyofuata kutoka ofisi ya fedha ilikuwa ya deni: walitaka warudishiwe ile kodi waliyonilipia, kwa kuwa sikuleta fomu.