Kuitambua na kuitunza chapa ya Hiroshige yenye maua ya micheri

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba marehemu mjomba wako amekuachia chapa ya Kijapani, yaani picha iliyochapwa karatasini, inayoonyesha micheri iliyochanua, yenye jina la Hiroshige, msanii wa Japani aliyebuni chapa za namna hii, nawe ungependa kujua kama ni ya kale na kama yafaa kutundikwa sebuleni.

Itazame kwanza kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga kwa safu, hiyo ni nakala ya mashine. Lakini ukiona rangi iliyozama katika nyuzi za karatasi hadi kujitokeza upande wa nyuma, basi yaelekea imechapwa kwa mkono kutoka kwenye vibao ambavyo, na jambo hili hunigusa kila mara, kwa desturi huchongwa kwa mbao za mcheri wenyewe. Hata hivyo, hilo halithibitishi umri, kwa kuwa Hiroshige alifariki mwaka 1858 na kazi zake zimechongwa upya mara nyingi tangu hapo, hivyo mpelekee mtaalamu aisome mihuri yake.

Kuhusu kuitundika, nakusihi usifanye haraka. Rangi ya waridi ya zamani, iliyotokana na mimea, hufifia upesi mwangani kuliko buluu ya mto na anga, na maua yakishapauka hayarudi. Itie katika fremu yenye kadi isiyo na asidi, mbali na dirisha, bila gundi, bila utepe wa kunata na bila kukata kingo zake. Baada ya miezi michache, ipumzishe gizani, mahali pakavu.