Jina la Kizungu, na damu je?

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni kijana wa hapa Tanga, Chumbageni, jina langu naomba usilitaje. Kwetu sisi jina la ukoo ni la Kiingereza kabisa, shuleni walikua wananiita Mzungu mpaka namaliza fomu foo. Ami yangu anasema babu yake babu yangu alikua Mwingereza, meneja wa shamba la mkonge huko Muheza, akazaa na bibi yetu Mbondei halafu akarudi kwao. Mtoto aliezaliwa ndo baba yake babu, cheti chake cha ubatizo kipo, kazaliwa 1908 kabatizwa Magila, nakutumia picha. Sasa binamu yangu alieko nje anataka kutulipia kipimo cha DNA cha mate, na kwenye grupu la familia kashaanza kusema tutawatafuta ndugu zetu Uingereza wenye jina kama letu, anasema mbona hata akina Sykes wa Dar asili yao ni Waingereza wa Yorkshire. Ni kweli? Na hicho kipimo kitatuonyesha kitu au ni hela inapotea bure?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hao akina Sykes maana hapo binamu yako kateleza, na ukishaelewa habari ya jina hilo la kwenu utaielewa mwenyewe.

Sykes kweli ni jina la Yorkshire, upande wa magharibi kule Huddersfield na vijiji vyake. Limetoka kwenye neno lao la zamani la kijito, mtu akikaa kando ya kijito anaitwa hivyo, watoto wakarithi. Na ujue Waingereza nao hawakuzaliwa na majina ya ukoo, yalianza kuenea baada ya Wanormani kuwapiga mwaka 1066 na ikachukua kama miaka mia tatu hivi mpaka watu wengi wakawa nayo. Sasa pale Oxford kulikua na profesa wa vinasaba anaitwa Bryan Sykes, akaulizwa kama ana undugu na Sir Richard Sykes aliekua mkubwa wa kampuni ya dawa ya Glaxo, hakujua, akamwomba sampuli wakapima kromosomu Y zikafanana. Hiyo kromosomu Y ni sehemu ya vinasaba ambayo anayo mwanaume tu, anaipata kwa baba, baba kaipata kwa babu, inashuka hivyo hivyo karibu bila kubadilika, yaani kwa Waingereza inasafiri njia moja na jina la ukoo. Profesa akapata hamu, akawaandikia barua wanaume wengine wenye jina hilo ambao hawamjui wala hawajuani, akapata sampuli 48, na matokeo aliyoyatoa mwaka 2000 yakaonyesha 21 kati yao wana Y ya aina moja. Watu walikua wanadhani jina kama hilo lazima lilianzishwa na watu wengi maana vijito viko kila mahali, kumbe inaelekea alikua mtu mmoja, miaka kama 700 iliyopita.

Lakini hebu waangalie na wale 27 waliobaki. Wana jina lile lile, Y siyo. Hapo katikati kuna mtoto aliechukua jina la mama, kuna aliyelelewa na baba wa kambo, kuna mke aliyezaa nje, profesa alipiga hesabu akasema inatosha kitu hicho kitokee kwa asilimia 1.3 tu kila kizazi, kidogo sana kwa kweli, lakini kikijirundika miaka 700 sehemu kubwa ya ukoo inakua na jina bila ile damu. Na hiyo ni Uingereza kwenyewe ambako jina linashika mstari wa baba karne hadi karne! Majina makubwa kama Smith ndo usiseme, wafua chuma walikua kila kijiji, wakina Smith wawili hawana undugu kuliko watu wowote wawili wa barabarani.

Sasa njoo kwa Sykes wa Dar. Mwaka 1889 Mjerumani Hermann von Wissmann aliletwa kuzima vita vya Abushiri hapa pwani kwetu, Pangani na Bagamoyo na Tanga, na askari wake wengi aliwachukua Misri, Wasudani, na wengine Msumbiji huko Inhambane, hao wakiitwa Wazulu. Mmoja wao alikua Sykes Mbuwane. Unaona jina limekaa wapi? Mwanzo. Sykes lilikua jina lake mwenyewe, Mbuwane la nyuma. Mwanae Kleist akaitwa Kleist Sykes kwa kawaida yetu ya kufuatisha jina la baba, ndo huyo alikua mmoja wa waasisi na katibu wa chama cha African Association mwaka 1929, na wanawe Abdulwahid na Ally wakawemo kwenye kuanzisha TANU 1954, na kuanzia hapo jina limeganda. Kwa hiyo historia yao inaanzia Inhambane, haina Mwingereza wa Huddersfield, na ni historia kubwa inayotosha yenyewe, inaniuma mtu akiwatafutia babu Yorkshire kana kwamba Mbuwane hakutosha kua babu.

Hata pande hizi za Bagamoyo amepita mtu wa namna hiyo. Mwili wa Livingstone ulipofikishwa Bagamoyo Februari 1874, katika kundi lililouleta alikuwemo Jacob Wainwright, jina la Kiingereza la mafundi wa mikokoteni, lakini mwenyewe Myao, alichukuliwa utumwani akakombolewa akasomeshwa Nasik huko India na jina akalipata kwenye maisha hayo ya misheni. Akaenda na mwili mpaka London, akawa miongoni mwa walioshika jeneza Westminster Abbey. Ukimpima mjukuu wake Y usitegemee itamkuta fundi mikokoteni.

Haya tuje kwenu. Nimeikuza hiyo picha ya cheti kwenye simu nikaisoma pole pole, wino umefifia lakini unasomeka. Jina lenu la ukoo halipo kwenye mstari wa jina la baba. Lipo kwenye jina la ubatizo la mtoto mwenyewe, yule wa 1908. Na kwenye jina la baba kuna jina la Kibondei, nafikiri wewe mwenyewe ukilisoma utajua ni la watu gani na wanakaa kijiji gani. Kwa Waingereza jina lenu hilo linatumika kama jina la ukoo na pia kama jina la kwanza, na wabatizwa wengi wa zamani walipewa majina ya kwanza ya namna hiyo, mtoto akaitwa hivyo, watoto wake wakalibeba kama jina la baba, wajukuu wakaliandika kwenye fomu kama la ukoo. Njia ile ile ya Sykes. Magila walikuwepo Waingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, tokea miaka ya 1860, hata enzi ya Mjerumani walikuwepo, kwa hiyo jina la Kiingereza pale 1908 halihitaji Mwingereza yeyote kitandani, nisamehe kwa kusema wazi.

Na huyo meneja wa mkonge ananitia shaka zaidi. 1908 Tanga ilikua ya Mjerumani, mkonge wenyewe umeletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, mashamba yalikua ya Wajerumani na wengineo, Waingereza waliuchukua mji Julai 1916 na mashamba ya Wajerumani yakaja kuuzwa kama mali ya adui baada ya vita. Meneja Mwingereza kwenye mkonge wa Muheza miaka ile ingekua ajabu. Simwiti ami yako muongo, hadithi za wazee zina mzizi, pengine Mzungu alikuwepo ila ni Mgiriki au Mjerumani, pengine alikuwepo kizazi cha baadae na hadithi ikasogea nyuma, na cheti kinaweza kikawa kimemwandika baba mlezi. Hapo ndo kipimo kina kazi.

Mpimeni ami mwenyewe, sio wewe. Kama babu yake babu yako alikua Mzungu basi wewe una kama asilimia 6 tu ya vinasaba vyake, ami ana kama 12 na nusu, inaonekana vizuri zaidi. Na kwa kua ni mstari wa baba mtupu, ami anafaa pia kwa kipimo cha Y, hakikisheni mnachonunua kinapima Y maana vingi vya bei rahisi vinatoa asilimia za mabara tu. Wanaume wengi wa Uingereza wako kundi linaloitwa R1b na wanaume wengi wa Kibantu wako kundi la E, tawi la E1b1a, ikija hiyo hadithi ya Mzungu kwa mstari huo imekwisha, ila msome tawi maana E ya tawi jingine wanayo hata Wagiriki. Ikija R1b inaelekea ni Mzungu lakini haijasema Mwingereza. Mwambie binamu kutafuta watu wa jina kama lenu huko Uingereza ndo kitu cha mwisho kabisa. Halafu kuna sheria yetu ya vinasaba vya binadamu ya 2009, kabla hamjatuma mate nje ulizeni kwanza ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Kitu kimoja zaidi umpelekee binamu. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walikuta jina moja adimu la Yorkshire, kati ya wanaume 18 waliopimwa 7 wana Y ya Kiafrika, ya aina inayopatikana kwa nadra Afrika Magharibi. Watu weupe, hawakua na habari. Wakafuata vizazi mpaka karne ya 18 na bado Mwafrika mwenyewe hajaonekana kwenye makaratasi.

SWALI: Mimi dada wa Bagamoyo, sisi kwetu tunajiita Washirazi na watu wanatucheka kua tunajipachika. DNA inaweza kusema? Nataka nipime.

JIBU: Wasikucheke. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wa miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Kilwa, Songo Mnara, na ukakuta wengi wao wamechanganya damu ya Afrika kwa upande wa mama zaidi na damu ya Asia, hasa Uajemi, kwa upande wa baba, kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Bagamoyo haikuwemo, kwa hiyo hausemi kuhusu ukoo wenu hasa, lakini hadithi ya Washirazi sio ya kutunga tu. Na mama zao walikua wa hapa hapa, hilo nalo ulishike kwa fahari ile ile.

Ila wewe ni mwanamke, Y huna, ukitema mate yako utapata asilimia za mabara za pande zote mbili, lakini mstari utakaoufuata moja kwa moja ni wa mama, bibi, mama wa bibi. Ya mstari wa baba, ambako ndiko Uajemi ulikoonekana zaidi, mwombe kaka yako wa baba mmoja au ami, na asile wala asivute sigara nusu saa kabla ya kutema.